Mshereheshaji wa Baruti

Kabla hajaingia kazi ya mawe, Luqman alikuwa mshereheshaji wa harusi, na toka Ukunda mpaka Msambweni hapakuwa na mtu aliyechukua muda mrefu kuliko yeye kuwaambia wageni kwamba pilau imeiva. Angeanza kwa kumshukuru Mola, kisha awaamkie wazee ukoo kwa ukoo, awasifu watu wa bwana harusi, awasifu watu wa bibi harusi zaidi kidogo kwa kuwa ndio wenye nyumba, aufananishe mchele na lulu, na mwishowe, wakati wale waliokaa karibu na masufuria wameshaanza kujipakulia, aseme, "Basi, karamu na iwakaribie." Watu walimpenda. Walimrekodi kwa simu na kuwatumia jamaa zao walioko Uarabuni, ambao walisikiliza wakalia.

Mkewe, Twaiba, alikuwa mshoni wa sare za skuli, na kazi yake aliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Yeye hakuwa na maneno mengi. Wanawake wenziwe walipomuuliza raha ya kuolewa na mtu mwenye ulimi ule, alijibu, "Aliponiposa nilimkubali mapema ili anyamaze."

Basi kampuni moja ya kokoto ikafungua timbo, machimbo ya mawe, pale Kidzumbani, kijiji kilicho ndani kidogo kutoka barabara ya Lunga Lunga. Meneja wa timbo alikuwa mwanamke aitwaye Mercy, mhandisi, mzaliwa wa Kaloleni aliyesomea Nairobi. Alialikwa harusini na mmoja wa madereva wake, akamsikia Luqman, na siku ya pili akampigia simu. Alikuwa na shida. Kila alipokwenda kuzungumza na wanakijiji juu ya baruti, walimkasirikia.

"Wewe hawatakukasirikia," alimwambia. "Mimi mwenyewe jana nilikaa na njaa saa nzima, na sikukasirika."

Luqman akapewa kofia ngumu ya njano, pikapu yenye kipaza sauti juu ya paa, na cheo: afisa wa mahusiano ya jamii. Cheo kile kilimkaa vizuri kinywani. Alikitamka mbele ya mkewe mara kadhaa, mpaka Twaiba akauliza maana yake.

"Ni kiungo baina ya kampuni na jamii," alisema Luqman.

"Utakuwa ukifanya nini?"

"Nitawaambia watu baruti inalipuka lini."

"Si ungesema hivyo," alisema Twaiba, akaendelea kukanyaga cherehani.

Tangazo lake la kwanza alilitunga kutwa nzima. Jioni akazunguka nalo Kidzumbani, na fundi wa baruti, aitwaye Chome, ameketi kando yake.

"Enyi wakaazi watukufu wa Kidzumbani, wana wa wazee wema! Kampuni yenu, kwa unyenyekevu na taadhima, inawaarifu kwamba hapo kesho, jua litakapokuwa utosini, kutakuwa na shughuli kubwa katika timbo lenu, shughuli itakayoitikisa ardhi na kuuamsha mlima uliolala tangu enzi za mababu. Hivyo basi, kila mmoja na azingatie yanayostahiki, na usalama uwe ndio dira yetu sote!"

Wanawake walipiga vigelegele. Wazee walitoka vibarazani wakasimama. Chome alisema amefanya kazi ya baruti nchi nzima, na hajapata kuisikia ikisifiwa namna ile.

Kesho yake, jua lilipokuwa utosini, watu walikuja.

Walikuja wamevaa. Wanaume walivaa kanzu, wanawake leso mpya, na watu wa kwaya wakaja na ngoma yao. Walinzi walipowarudisha nyuma ya kamba, walirudi kwa adabu, wakidhani viti vya mbele vimewekewa wakubwa. King'ora kilipolia wakapiga makofi. Walinzi waliwasukuma mpaka umbali unaotakiwa, Chome akatazama huku na huku, asione mtu, akalipua.

Ambaye hakuonekana alikuwa Bi Jumwa, ajuza aliyekaa upande wa pili wa kilima. Alikuwa amechelewa kutoka, akakata kwa njia ya shambani ili awahi. Jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi lilimpata begani likamvunja mfupa wa bega na mkono. Lingesogea kidogo tu, tungekuwa tunasimulia mazishi.

Luqman alimfuata hospitalini Msambweni siku ile ile. Njiani alitunga maneno ya kumpa pole, maneno mazuri, yenye subira na kadari ndani yake. Alimkuta Bi Jumwa amelazwa chali, mkono umefungwa ubao, leso yake ya Idi imekunjwa chini ya mto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa safari."

Maneno yote aliyoyatunga yakamtoka kichwani. "Bibi, kwani hukunisikia nikitangaza?"

"Nilikusikia. Nani asiyekusikia wewe? Nilisikia shughuli, kama ya harusi. Nikasema, watu wameniheshimu wakanialika, nami nisipokwenda watasema Jumwa ana kiburi."

"Nilisema usalama uwe dira, bibi."

"Ulisema. Dira ndiyo nini?"

"Ni kile kitu cha kuonyesha njia baharini."

Bi Jumwa akafikiri kidogo. "Mimi nilipita njia ya shambani," alisema.

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa akijaribu kumsaidia waelewe pamoja kosa limeingilia wapi. Lau angemtukana, Luqman angepata nafuu, maana matusi angejua pa kuyaweka. Alitoka nje akakaa kwenye benchi la wagonjwa wanaongojea, na muuguzi aliyepita akamuuliza kama ameshaandikishwa.

Usiku ule alimwambia mkewe kwamba anataka kujifunza kusema. Twaiba hakucheka. Alimwambia avute kiti karibu na cherehani.

"Sema tangazo lako. Nikisikia neno lisilo na kazi, nasimamisha mguu."

"Enyi wakaazi watukufu," alianza Luqman, na cherehani ikasimama.

Ilikuwa kazi ngumu kwa mtu wa umri wake. Kila alichokipenda kiliisimamisha ile cherehani. Taadhima iliisimamisha. Mababu waliisimamisha. "Hivyo basi" iliisimamisha kwa muda mrefu hivi kwamba Twaiba akapata nafasi ya kutia uzi mpya. Sare nne zilichelewa wiki ile, na mwalimu mkuu akaja kulalamika. Lakini tangazo likapatikana, na kabla ya mlipuko wa pili Luqman alizunguka nalo kijijini:

"Kesho saa sita mchana, baruti. Mawe yataruka. Jiwe likikupata litakuua. Saa tano tokeni majumbani, nendeni skuli. Njia ya shambani msipite. Msirudi mpaka nije mimi mwenyewe kuwaambia."

Basi. Alipolimaliza alijiona kama mtu aliyetoka msalani bila shuka. Hakuna aliyepiga kigelegele. Jioni, Mzee Shutu, mzee wa kijiji, alimwendea na wazee wenziwe wawili.

"Luqman," alisema, "tumekukosea nini?"

"Hamkunikosea kitu, mzee."

"Mbona umetusemesha kama polisi wa barabarani? Kama ni yule kijana wa dukani aliyekutukana, tulishamkanya."

Luqman alieleza. Wazee walisikiliza, wakaondoka hawakuridhika, na kesho yake saa tano kijiji kizima kilikuwa skuli, pamoja na mbuzi.

Bi Jumwa alipotoka hospitalini, Luqman alifanya ada ya kwenda kwake kabla ya kutangaza popote. Alimwambia tangazo kwa mdomo, kisha akamuuliza, "Nimesema nini, bibi?" Naye alimrudishia kwa maneno yake. Pale aliporudisha sivyo, Luqman hakumsahihisha yeye; alisahihisha tangazo. Kwa njia hiyo iligundulika kwamba wengi walidhani king'ora kikilia ndio ruhusa ya kurudi, kwa kuwa kilikuwa kikilia pia mchana wafanyakazi wanapokwenda kula. Luqman alimweleza Mercy, na king'ora cha chakula kikaondolewa. Wafanyakazi walilalamika. Tangu hapo hapakuumia mtu wala kuku.

Mercy aliridhika, ingawa alisema anaikosa ile sauti ya harusi.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mvua za masika zilipopita. Siku moja Mercy alimwita ofisini kwake, ndani ya kontena lenye feni, akafunga mlango. Kampuni ilikuwa imepima maji ya kisima cha Kidzumbani, na majibu yalikuwa yamefika.

"Baruti ina chumvi ndani yake," alisema Mercy. "Isipoungua yote, mvua inaishusha chini ya ardhi. Imeingia kisimani. Mtu mzima anaweza kunywa asihisi kitu. Mtoto mchanga anayelishwa kwa chupa, damu yake inashindwa kubeba hewa."

"Anakufa?"

"Anaweza kufa."

"Wakiyachemsha?"

"Inakuwa mbaya zaidi. Maji yanapungua, chumvi inabaki."

Luqman akauliza awaambie watu nini. Mercy alichukua simu yake akasoma ujumbe uliotoka makao makuu, akiusoma kwa sauti ya mtu anayesoma anwani. Ubora wa maji umeonyesha mabadiliko ya kimsimu. Kampuni inafuatilia hali kwa ukaribu. Jamii inashauriwa kuchukua tahadhari za kawaida.

"Madamu," alisema Luqman, "tahadhari ya kawaida ya maji ni gani?"

Mercy aliigeuza simu kifudifudi mezani. Kila mtu wa pwani ile anaijua. Kipindupindu kikiingia, redio husema chemsha. Ukienda kliniki, ukutani kumechorwa sufuria linalotoa mvuke.

"Wameomba utumie ile lugha yako ya mwanzo," alisema Mercy baadaye, akitazama feni. "Ya harusi. Wanasema ilikuwa inatuliza."

Luqman alirudi nyumbani, na jambo lililomtisha ni kwamba tangazo lilikuwa limeshajitunga lenyewe kichwani, bila yeye kuliita. Lilikuwa zuri. Lilikuwa na rehema za mvua ndani yake, na ardhi inayobadili vazi, na kampuni kama mlezi asiyelala. Alijua akilisema watu watampigia makofi tena, na Mzee Shutu atamsamehe. Siku nzima iliyofuata alikaa nalo. Alikwenda kazini, akazunguka, akarudi, hakumwambia mtu. Jioni Twaiba alimuuliza ana nini, naye akamweleza. Twaiba alisikiliza mpaka mwisho, mguu wake ukiwa juu ya kikanyagio na cherehani kimya.

"Kuna nani mwenye mtoto mchanga pale?" aliuliza.

"Mapenzi. Nyumba ya pili kutoka kisimani."

Luqman alitoka saa ile ile, akamfuata Mercy kwenye nyumba aliyopanga.

"Madamu, mimi kesho asubuhi nitawaambia maji yana sumu, wasinywe. Nakwambia sasa, usije ukasema nilikuvizia."

"Mimi sikukutuma useme hivyo."

"Hukunituma."

"Na nikikuambia usiende?"

"Nitakwenda kwa miguu."

"Nenda na pikapu," alisema Mercy. "Kipaza sauti kimefungwa huko."

Asubuhi watu walikusanyika uwanja wa skuli, na Luqman akapanda nyuma ya pikapu.

"Maji ya kisima msinywe," alisema. "Msipikie. Msimpe mtoto. Baruti ya timbo imeingia ndani yake. Kampuni imeyapima, imeona. Mtoto mchanga akinywa anaweza kufa. Kampuni haikunituma kusema hivi."

Mapenzi akasimama, mtoto mgongoni, chupa ya plastiki mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, maziwa yake yalikauka alipougua malaria, na mtoto alilishwa unga wa maziwa.

"Nikichemsha?" aliuliza.

"Usichemshe. Ukichemsha yanazidi ubaya."

"Mimi nachemsha kila siku."

Mzee Shutu akamgeukia Mercy, aliyekuwa amesimama kando ya gari lake. "Mama, wewe ndiye mkubwa. Huyu anasema kweli?"

Mercy akasogea mbele. "Kampuni imejitolea kuhakikisha kwamba ustawi wa jamii," alianza, kisha akaiona ile chupa mkononi mwa Mapenzi, na sentensi ikamfia. Akavua kofia yake. "Ni kweli. Msinywe. Leo mchana naleta lori la boza lenye maji."

Mtu angedhani wanakijiji wangewashukuru. Waliwatupia viatu. Ndala ya mtu ilimpata Luqman mdomoni, nyingine ikavunja kioo cha taa ya pikapu. Lakini hayo hayakumuuma kama swali la Mapenzi, aliyelisema bila kupaza sauti.

"Mmejua tangu lini?"

"Kampuni, tangu wiki iliyopita," alisema Luqman. "Mimi, tangu juzi."

"Juzi na jana mtoto wangu amekunywa."

Luqman akashuka kwenye pikapu. Mercy alimpakia Mapenzi na mtoto ndani ya gari lake, akawapeleka hospitali. Mtoto alipimwa damu, akalazwa siku moja, akaonekana hakudhurika. Mapenzi alikubali maji ya boza, akakubali maziwa ya kopo yaliyonunuliwa na Mercy, lakini tangu siku ile hakumwamkia tena Luqman. Wakikutana sokoni hupita upande wa pili. Luqman huona ni haki yake.

Wiki haikuisha alipigiwa simu kutoka makao makuu. Aliyepiga alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole.

"Bwana Luqman, kampuni inafanya marekebisho ya nguvukazi, na katika mchakato huo nafasi yako imepitiwa, kwa hivyo tunakuachilia uweze kutafuta fursa zingine."

"Maana yake nimefukuzwa?"

"Sisi tunapendelea kusema kwamba..."

"Nimefukuzwa au sikufukuzwa, bwana? Mke wangu yuko hapa, nataka kumwambia."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayesukuma kiti. "Umefukuzwa," alisema yule mwanamume, na kwa mara ya kwanza alisikika kama binadamu. "Pole sana, bro."

"Ahsante," alisema Luqman, na shukrani ile ilikuwa ya kweli.

Mercy alihamishiwa Samburu, ile ya Kwale, kusimamia bohari ya kampuni kando ya barabara kuu, mahali pasipo na mlima wa kulipua. Maafisa wa serikali walikuja Kidzumbani wakalifunga timbo kwa muda. Lilipofunguliwa tena kulikuwa na bomba la maji kutoka mbali na afisa mpya wa mahusiano, kijana aliyesomea kazi hiyo. Wanasema naye ana sauti nzuri.

Luqman alijaribu kurudi harusini. Alialikwa moja, Ukunda, kwa watu wenye uwezo, na wenyeji wakamtangaza kwa wageni kwa fahari. Alishika kipaza sauti, akafungua kinywa, akasikia cherehani ikisimama. Akasema, "Assalamu alaikum. Bwana harusi amechelewa. Gari limeharibika Kombani. Atafika baada ya Alasiri. Anayetaka kusali, msikiti uko nyuma." Kisha akaketi. Wageni wakasali, wakarudi, bwana harusi akafika. Lakini baba wa bibi harusi alisema aibu ya gari lile haikuhitaji kutajwa pamoja na jina la mji, na Luqman hakualikwa tena.

Sasa yuko kwenye zahanati moja ya watu binafsi, barabara ya kuingia Shimoni. Kazi yake ni kukaa pale wagonjwa wanapoingilia. Walimchukua kwa ajili ya jina lake la zamani, na miezi ya mwanzo walijuta, kwa sababu wagonjwa walilalamika kwamba hana maneno ya kutia moyo. Siku moja mwenye zahanati alimwita akamwomba awe laini kidogo. Luqman alisema atajaribu, na kweli anajaribu. Siku hizi huanza na pole.

Juzi aliingia mwanamume aitwaye Garama, aliyetoka bara ya Kinango kuja kumwona nduguye, na binti yake akashikwa na homa njiani. Msichana alikuwa amelegea, shingo haikutaka kuinama. Palikuwa na watu wanaongoja, na karani wa ndani alikuwa ameshaanza kumwambia Garama kwamba zahanati iko katika hatua za kuboresha huduma za maabara, na kwamba avute subira kidogo.

Luqman aliinuka, akatoka nje mara moja, akarudi.

"Pole, ndugu yangu," alisema. "Mtu wa maabara hayupo. Leo haji. Huyu mtoto hana muda wa kungoja. Mpeleke Msambweni sasa hivi. Nje kuna gari la mboga linakwenda huko, nimeshamwambia dereva."

Garama alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha akamnyanyua binti yake, akatoka mbio, hata hakuaga. Karani alisema hivyo sivyo wateja wanavyosemeshwa. Luqman alikubali kwamba huenda. Akarudi kitini pake, akamwita aliyefuata kwenye foleni, mama mmoja mwenye jipu, akamuuliza limeanza lini.